Shangazi Ameleta Majani ya Mstafeli, na Dripu ya Tatu ni Jumanne

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 54. Alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, sasa yuko kwenye kemo na amemaliza dripu mbili kati ya sita. Baada ya dripu ya pili alitapika siku tatu mfululizo. Shangazi alikuja kutoka kijijini, akamkataza sukari, nyama, maziwa na mayai, anasema vinalisha ugonjwa. Anamchemshia majani ya mstafeli, lita moja kwa siku, na asubuhi anampa maji ya ndimu yenye magadi. Jirani ametuuzia kopo la vidonge vya mimea kwa shilingi 180,000. Mama amepungua kutoka kilo 66 hadi 59. Baba anasema dripu ya tatu, ya Jumanne ijayo, tuiache kwanza, tutumie majani mwezi mmoja tuone. Mimi ndiye ninayepika. Ale nini? Na katika hizi dawa za asili, zipi ni za kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Mimi ni mtu wa lishe, si daktari wa saratani. Dawa sipangi mimi, mimi napanga sahani. Kwa hiyo pale nitakaposema "muulizeni daktari" usidhani nakwepa swali.

Umeuliza habari za chakula, lakini naanza na neno la baba kwa sababu hilo lina tarehe. Dripu ya Jumanne isiachwe kupisha majani. Kemo hupangwa kwa mizunguko, mara nyingi ya siku 21, na mwanya huo una hesabu yake. Dawa inazipiga seli zinazogawanyika haraka: za saratani, na kwa bahati mbaya za mwili pia, kama zile za uboho zinazotengeneza damu, za ngozi ya ndani ya mdomo na za nywele. Wiki tatu zinautosha uboho kujijenga. Mkiongeza mwezi mzima juu yake, mnazipa nafasi hata zile seli za saratani zilizobaki baada ya upasuaji, ambazo hakuna anayeziona kwa macho na ndizo hasa kemo inazifuata. Ni kweli daktari mwenyewe huweza kuahirisha dripu akikuta chembe nyeupe za damu zimeshuka. Lakini yeye anaahirisha akiwa na majibu ya maabara mkononi, na anakupa tarehe ya kurudi.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha hesabu ya wagonjwa 281 wa saratani mbalimbali, ya matiti ikiwamo, ambazo zilikuwa hazijasambaa mwilini. Wote walichagua tiba mbadala peke yake. Walilinganishwa na wagonjwa wa hali kama yao waliotibiwa hospitali. Upande wa saratani ya matiti, hatari ya kufa kwa wale wa tiba mbadala ilikuwa zaidi ya mara tano. Mwoneshe baba namba hiyo. Wazee wengi niliozungumza nao hawapendi kuhubiriwa, ila namba wanaisikiliza.

Halafu mwulize kwa upole, mkiwa wawili tu: je, nauli ipo? Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba "tujaribu majani kwanza" mara nyingine maana yake ni kwamba mfuko umetoboka na mwenye nyumba anaona haya kusema. Kama ndivyo, hospitali za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kuwasikiliza watu walioshindwa gharama. Waendeeni kabla ya Jumanne. Na kama hofu ya baba ni ile ya kumwona mkewe akitapika siku tatu, hofu hiyo ina haki yake, nayo ina dawa. Kutapika namna hiyo si sharti la kemo. Zipo dawa za kuzuia kutapika za aina kadhaa, na daktari anaweza kuzibadilisha au kuziongeza kabla ya dripu inayofuata, mradi aambiwe. Kina mama wengi wakiulizwa kliniki "unaendeleaje?" hujibu "naendelea vizuri, ahsante," wakarudi nyumbani kuteseka. Safari hii nenda wewe ukaseme kwa niaba yake.

Mkifika, kitu cha kwanza mama apande kwenye mzani. Kilo saba kati ya 66 ni zaidi ya asilimia 10 ya mwili wake, na sisi watu wa lishe mgonjwa akipoteza asilimia 5 tu tunashtuka. Kipimo cha dawa za kemo hukokotolewa kwa urefu na uzito, hivyo wanahitaji uzito wa leo, si wa siku ya kwanza. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: wanawake wengi wanaopewa kemo baada ya kutolewa saratani ya titi huwa hawakondi, hunenepa. Dawa za steroidi wanazopewa pamoja na kemo zinaongeza hamu ya kula, hedhi inakatika ghafla, na uchovu unawafanya wakae. Mama yako amekwenda njia ya pili, na ukiniuliza mimi nitasema sehemu kubwa ya kilo hizo imeondoka kwa kutapika na kwa kunyimwa chakula. Hata hivyo daktari amwangalie, kusije kukawa na jambo jingine.

Sasa hili la "kulisha ugonjwa". Halikuanzia kijijini kwa shangazi. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Kijerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani zinafakamia sukari kuliko seli nyingine, na ni kweli zinafakamia. Hadi leo kuna mashine za kupiga picha zinazotumia tabia hiyo kutafuta saratani ilipojificha. Watu wakaruka kutoka hapo hadi kwenye "usile sukari, saratani itakufa njaa". Tatizo ni kwamba sukari ya kwenye damu haitoki kwenye bakuli la sukari peke yake. Inatoka kwenye ugali, wali, ndizi, viazi na matunda. Na hata usipokula chochote, ini litaitengeneza kwa kuivunja misuli yako, kwa kuwa ubongo hauwezi kukaa bila sukari. Kwa hiyo mama akinyimwa chakula, saratani haifungi. Inaendelea kula, safari hii inakula mapaja na mikono ya mama.

Sisemi anywe soda. Soda na keki zinamjaza tumbo na kumwacha hana kitu, na kama ana kisukari, au sukari yake imepandishwa na zile steroidi, hapo masharti ni mengine na lazima mpate maelekezo yenu wenyewe. Lakini kama vijiko viwili vya sukari ndivyo vitakavyofanya bakuli la uji literemke, tia vijiko viwili.

Mayai, maziwa, samaki, nyama na maharage virudi mezani leo. Mgonjwa aliye kwenye kemo anahitaji protini kuliko mtu mzima wa afya: miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inataja kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kilo 59 ni kama gramu 70 hadi 90 kwa siku. Zinapatikanaje katika jiko la kawaida? Mayai mawili yanakupa gramu 12. Glasi mbili za maziwa, 16. Kikombe cha maharage yaliyoiva, kama 15. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, 20 na kidogo. Konzi ya karanga, saba. Hapo tumefika 70, na hatujagusa duka la dawa.

Najua utaniambia: "Atavilaje na hamu hana?" Hapo ndipo mpishi anapoonekana, na hapo nitakaa kidogo.

Acha habari ya milo mitatu mikubwa. Sahani iliyojaa inamchosha kabla hajainua kijiko. Mpe kidogo kila baada ya saa mbili, awe na njaa au asiwe nayo, kama mtu anayemeza dawa kwa saa. Siku mbili tatu za kwanza baada ya dripu harufu ndiyo adui mkubwa: vitunguu vikikaangwa au dagaa wakiwa jikoni, mama yuko chumbani tumbo linageuka. Pikia nje kama una jiko la mkaa, na chakula kipoe ndipo kimfikie, maana cha moto kinanuka zaidi. Akisema kila kitu kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha mti au cha plastiki, na samaki mkamulie ndimu. Kama mdomo hauna vidonda, ndimu hapo ina kazi nzuri.

Mtori ndio chakula ninachoagiza kuliko vyote. Nyama ichemke hadi isambaratike, ndizi ziive, upondeponde vyote pamoja, uongeze maziwa kidogo au kijiko cha siagi. Ni laini, unateremka, na nyama imo ndani. Ninasema "nyama imo ndani" kwa sababu nimeona nyumba nyingi wanamchinjia mgonjwa kuku wa kienyeji, wanampa supu, nyama wanakula wageni. Supu iliyochujwa ni maji, chumvi na harufu nzuri. Protini imebaki kwenye minofu. Kama hawezi kutafuna, ichambue, uikatekate, uirudishe kwenye supu.

Parachichi liwe rafiki yake wiki hizi. Ponda nusu, changanya na maziwa au mtindi wa dukani, umpe kwenye kikombe, maana kunywa ni rahisi kuliko kula. Siagi ya karanga iingie kwenye uji, kwenye mchicha, hata kwenye mchuzi wa maharage. Nyinyi mlio chini ya Uluguru, mboga na ndizi si shida. Tumieni neema hiyo.

Uji wa lishe una maneno yake. Ule unga wa nafaka saba, nane, uliosagwa pamoja na karanga na soya ukakaa kwenye ndoo miezi miwili, siupendi kwa mgonjwa wa kemo. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri hushika ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo huumiza ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo si hadithi. Ini la mama sasa hivi lina kazi ya kuzichakata dawa za kemo, tusiliongezee mzigo. Saga ulezi au mahindi safi kidogo kidogo, unga wa wiki mbili tu, na karanga ziongeze siku ya kupika, baada ya kuzichambua kwa mkono na kutupa zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu.

Soya utaambiwa ni hatari kwa saratani ya titi kwa sababu ina kitu kinachofanana na homoni ya kike. Hofu hiyo ilikuwa na mantiki hadi watu walipokwenda kuangalia. Huko Shanghai, China, waliwafuatilia zaidi ya wanawake 5,000 waliokuwa wametibiwa saratani ya titi, na mwaka 2009 majibu yakatoka: waliokula zaidi vyakula vya soya hawakurudiwa zaidi na ugonjwa; waliorudiwa na waliokufa walikuwa wachache kuliko wenzao. Soya ya kwenye chakula haina neno. Vidonge vya soya vya kwenye kopo ni kitu kingine, aviache.

Usafi ni jambo ambalo sitalirefusha lakini usilidharau. Kuanzia kama siku ya saba hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa, na kijidudu ambacho wewe kingekupa kuharisha kidogo, yeye kinaweza kumlaza wodini. Maziwa yachemshwe, mayai yaive hadi kiini kigande, nyama isiwe na damu ndani, kiporo kipashwe hadi kitokote. Kachumbari na juisi za barabarani zenye barafu zisubiri. Na joto la mwili likifika nyuzi 38, usimpe panadoli mkalala mkisubiri kuche. Ni hospitali usiku huohuo. Nunueni kipimajoto, ni kifaa kidogo, na kwa mgonjwa wa kemo kina faida kuliko kopo la jirani.

Tuje sasa kwa shangazi na mfuko wake.

Majani ya mstafeli kwanza. Maneno kwamba yana nguvu kuliko kemo mara elfu kumi yametokana na majaribio ya maabara, ambako dondoo la mmea humwagiwa seli ndani ya kichupa na seli zikafa. Kichupani hata sabuni inaua seli za saratani. Kati ya kichupa na mwili wa mama kuna tumbo, ini, damu na figo, na kwa binadamu hakuna jaribio lililoonesha kwamba mstafeli unaponya saratani ya titi. Madhara yake, kwa upande mwingine, yameandikwa. Kwenye kisiwa cha Guadeloupe, Karibiani, ambako watu hunywa sana chai ya majani haya na kula tunda lake, mwaka 1999 madaktari waliripoti wingi usio wa kawaida wa ugonjwa unaofanana na ule wa kutetemeka uitwao Parkinson, na wakautilia shaka mstafeli. Ndani yake kuna sumu ya neva inayoitwa anonasini. Lita moja kila siku ni nyingi. Aache.

Ndimu na magadi aache leo kabla ya vyote. Wanaoyatoa husema saratani inaishi kwenye asidi, basi tuifanye damu iwe alikali, yaani kinyume cha asidi. Damu ya binadamu ina kipimo chake cha asidi na alikali (pH), kati ya 7.35 na 7.45, na mapafu na figo vinakilinda usiku na mchana. Kwa mtu mwenye afya, unachokunywa kitabadilisha mkojo, damu haitishiki. Ila mtu aliyetapika siku tatu amepoteza asidi ya tumbo na madini ya potasiamu, na damu yake huenda tayari imeegemea upande wa alikali. Ukimwongezea magadi hapo, unamsukuma zaidi upande uleule, na moyo hauvumilii mchezo huo.

Kichekesho ni kwamba bekingi soda, ndugu yake magadi, ina kazi halali kabisa katika kemo, ila si ya kunywa. Vidonda vya mdomoni vikianza, chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, tia robo kijiko cha chai cha bekingi soda (siyo bekingi pauda) na chumvi nusu ya hapo, asukutue na kutema, mara kadhaa kwa siku. Inatuliza. Siku hizo pilipili, ndimu na vitu vya kukwaruza vikae mbali.

Tangawizi hukuitaja, lakini katika dawa za asili ninazoulizwa ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko zote. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2012 kwa wagonjwa 576 wa kemo, wengi wao wa saratani ya matiti, lilionesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja ya tangawizi kwa siku, ikiongezwa juu ya dawa za hospitali, ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Gramu moja ya unga ni kama nusu kijiko cha chai. Haichukui nafasi ya dawa za kuzuia kutapika, na kama ameambiwa chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda) ziko chini au anatumia dawa ya kuyeyusha damu, aulize kwanza. Vinginevyo, chai ya tangawizi ni ruhusa.

Mlonge ni mboga. Majani yake yakipikwa kama mchicha yana protini na madini mazuri, ale. Unga wa vijiko vikubwa asubuhi na jioni kama dozi, hapana, na mizizi na magome yake usiyaguse kabisa. Manjano kwenye wali na mchuzi hayana shida. Vidonge vya kurkumini, yaani kiini cha manjano kilichokamuliwa, vina shida. Huko Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2019 waliwapima wanawake wanaotumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, wakakuta kurkumini ikichanganywa na kiini cha pilipili manga hupunguza kiwango cha dawa kwenye damu. Mama yako akija kuandikiwa tamoksifeni baada ya kemo, kidonge cha miaka mitano au zaidi, kumbuka hilo. Mshubiri unaharisha, na anayeharisha kwa kemo hahitaji msaada. Balungi na danzi vinaingilia namna ini linavyoondoa baadhi ya dawa, ikiwamo dositakseli, moja ya dawa za kemo zinazotumika sana kwa saratani ya titi. Machungwa ya kawaida yanatosha.

Rosela na bitiruti watu wanawapa wagonjwa "waongeze damu" kwa sababu ni vyekundu. Rangi inatudanganya. Bitiruti ina madini ya chuma kidogo tu, na damu inayoshuka kwa kemo mara nyingi imeshuka kwa sababu kiwanda chenyewe, yaani uboho, kimepigwa, si kwa upungufu wa chuma peke yake. Anywe kama juisi kama anapenda. Akiwa na upungufu wa damu, atibiwe kwa majibu ya maabara. Maini mara moja kwa wiki yanasaidia kuliko lita kumi za rosela.

Kopo la jirani. Kwanza soma kilichoandikwa. Mengi ya makopo haya yamejazwa antioksidanti (viini vinavyokinga seli zisiharibiwe) za dozi kubwa, na kuna dawa za kemo zinazofanya kazi kwa njia ambayo vitu hivyo vinaweza kuizuia. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2020, uliofuatilia wanawake 1,134 wa saratani ya titi, uliona dalili kwamba waliomeza vidonge vya antioksidanti kabla ya kemo na wakati wa kemo walirudiwa zaidi na ugonjwa. Namba hazikuwa na uzito wa kufunga mjadala, lakini mimi sitamruhusu mgonjwa wangu abahatishe. Na ile shilingi 180,000? Hata trei ya mayai ikifika 12,000, hizo ni trei 15, yaani mayai 450. Mrudishie jirani kopo kama hamjalifungua.

Tafadhali usinielewe vibaya kwamba naidharau miti. Paklitakseli, dawa ya kemo ambayo huenda mama atapewa au ameshapewa, ilitoka kwenye gome la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Gome lilikusanywa mwaka 1962, kiini chake kikaelezwa mwaka 1971, na ruhusa ya kuitumia kwa saratani ya titi ikaja mwaka 1994. Lile ua la Madagaska la rangi ya waridi ambalo watu wanapanda mbele ya nyumba ndilo lililotupa vinkristini. Usilichemshe, maana ni sumu. Dawa yake hupimwa kwa miligramu na kupitishwa kwenye mshipa. Hiyo miaka zaidi ya 30 kati ya gome na dripu ndiyo ilijibu maswali ambayo majani ya shangazi bado hayajajibiwa: kiasi gani, kwa nani, na kinaumiza nini. Hapa kwetu kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili inayoyafanyia kazi maswali hayo, na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayewauzia dawa na hataki kutaja mti aliotumia, huyo mwogopeni.

Wengi mnakumbuka Loliondo, mwaka 2011, kikombe cha dawa ya mti, cha shilingi 500, cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila pale Samunge. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita, na wapo waliotoka wodini kuifuata. Sikuwacheka wakati ule na siwacheki sasa, maana mtu mwenye mgonjwa hashindwi kusafiri. Ila wale walioacha dawa zao kwa ajili ya kikombe, kilichowaumiza zaidi ni siku walizopoteza, kuliko chochote kilichokuwa ndani ya kikombe chenyewe.

Kemo ikiisha, ushauri wangu utageuka, na usishangae. Kama uzito utarudi na kupita ule wa 66, tutaanza kuubana, kwa kuwa unene baada ya saratani ya titi hauna faida. Atatembea, tukilenga dakika 150 kwa wiki, mboga na dengu zitaongezeka, ukaangaji utapungua, na kama alikuwa anakunywa pombe aiache. Hata sasa, siku ambazo ana nguvu, atembee hadi nyumba ya tatu na kurudi; misuli haijengwi na mayai peke yake.

Kabla ya Jumanne chukua daftari. Andika kila anachokunywa na kumeza: majani, magadi, vidonge, hata asali na habasoda. Beba kopo na jani moja la mstafeli kwenye mfuko, uviweke mezani kwa daktari. Atakayekufokea amekosea, lakini wengi hawatafoka.

Na shangazi usimfukuze jikoni. Ameacha shamba lake akaja kumuuguza wifi yake. Ukimwambia mbele ya watu kwamba majani yake ni upuuzi, ataendelea kuyachemsha ukienda sokoni. Mpe kazi. Mwambie hospitali wameagiza mtori kila siku na kwamba hakuna anayeupika kumshinda yeye. Saa ya kila mlo iwe mkononi mwake, na kipimajoto akishike yeye. Stafeli lenyewe, likiiva, mama anaweza kula kipande mara mojamoja, mbegu zikatupwa. Hilo mwambie shangazi kwanza, kabla hujamwambia la majani.

Niandikie Jumatano unieleze dripu imekwendaje, na mzani umesema kilo ngapi.